Nyumba ya Lempi Ilipopimwa Mara ya Tatu

Uliona. Usiniambie hukuona. Tangu Novemba umepita mbele ya nyumba ya Lempi Hautala kila siku, ukienda kununua maziwa, ukirudi kanisani, ukimtembeza yule mbwa wako, na uliona barafu imeganda kwenye kioo cha dirisha la sebule kwa upande wa ndani. Wa ndani, nasema. Ukageuza uso ukatazama theluji ya ng'ambo ya barabara, kana kwamba katika mji huu wa Ontario ya kaskazini theluji ni kitu cha kushangaza. Mbwa wako alikuwa amevaa sweta. Lempi, mwanamke wa miaka themanini na mitatu, alikuwa analala na koti na buti.

Mimi ni Taisto Kangas, jirani yake ukuta kwa ukuta. Niliwasha maboila ya kupashia joto shule za mji huu miaka thelathini na moja. Chuo sikukiona hata lango lake. Nilisoma vitabu vya maktaba ya ukumbi wetu wa Wafini, na nilisoma vibao vya chuma vilivyopigwa ribiti ubavuni mwa mashine. Vibao vile ndivyo vilivyonifundisha zaidi, maana aliyeviandika hakuwa anagombea kura.

Sasa sikiliza, maana jambo lenyewe si gumu. Chini ya kila nyumba ya mtaa huu kuna tanuru, sanduku la bati la kimo cha mtu. Linavuta hewa ya nyumba iliyopoa, linaipitisha penye moto wa gesi, feni inaisukuma irudi vyumbani kupitia matundu ya sakafuni. Kazi yake ni hiyo tu. Tanuru la nyumba ya Lempi liliacha kuifanya mwezi wa kumi na moja. Ngurumo lilikuwa nayo, feni ilizunguka mchana kutwa, na hewa iliyotoka kwenye matundu ilikuwa vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa.

Nyumba ni ya Dwayne Haslam. Baba yake Haslam namkumbuka vizuri pia. Januari ya mwaka themanini na mbili aliwaambia wapangaji wavae soksi mbili. Mtoto ameendelea, siku hizi anatuma ujumbe kwa simu: vaeni soksi mbili.

Tukamwita inspekta wa nyumba wa mji. Hapo ndipo nilipoanza kuota mvi upya.

Ujue kanuni ilivyo. Inspekta anakuja, anasimama katikati ya sebule, anatoa kipimajoto, anasubiri, anaandika namba kwenye kisanduku cha fomu. Ikifika nyuzi ishirini, mwenye nyumba ametimiza wajibu, kwaheri. Kinachoipasha nyumba hiyo joto, fomu haiulizi.

Mara ya kwanza, Novemba, aliahidi kuja saa nne asubuhi. Nilipoingia saa tatu na nusu nilipigwa usoni na harufu ya iliki. Lempi alikuwa na aproni, oveni ya jikoni imewaka tangu alfajiri, mikate minne ya iliki, ile tunayoiita pulla, imepangwa mezani imesukwa kama nywele za msichana wa arusi. Birika la kahawa linatokota. Madirisha yanatiririka maji.

"Lempi! Umefanya nini?"

"Nina mgeni."

"Si mgeni huyo! Ni inspekta! Anakuja kupima baridi!"

"Kwa hiyo akipima baridi asile?"

Inspekta, Bwana Renzo Faccin, kijana mpole mwenye masharubu yasiyojaa, alikula vipande vitatu. Kipimajoto kilisema ishirini na mbili. Akaandika, akashukuru, akaondoka na mkate wa nne chini ya kwapa.

"Siwezi kumkaribisha mtu kwenye nyumba ya baridi, Taisto," Lempi aliniambia. "Mama yangu atanitokea."

"Mama yako alikufa mwaka sitini na moja."

"Ndiyo maana nasema atanitokea."

Mara ya pili, Desemba, nilimwapisha. Oveni marufuku. Akaapa, na kweli oveni ilikuwa baridi kama jiwe. Lakini kule chini, hatua nne kutoka kwenye tanuru, marehemu mumewe aliwahi kujenga sauna, bafu la mvuke, kijumba cha mbao chenye jiko la kuni na mawe juu yake. Lempi alikuwa amelisheheneza kuni tangu saa kumi na moja asubuhi na mlango ameuacha wazi, kwa sababu mtu anayetoka kwenye baridi kali hakosi kupewa angalau pa kuchangamsha mifupa. Tanuru likavuta hewa ya sauna, likaisambaza nyumba nzima. Faccin akavua koti. Akavua sweta. Ishirini na tano.

"Bibi," alisema, "nyumba yako ina joto kuliko ya mama yangu."

Na Lempi, badala ya kusema neno la maana, aliona haya kwa furaha, akamwongezea kahawa.

Nilitoka nje nikaupiga teke ukingo wa theluji mpaka kidole kikavimba. Baba yangu alifanya kazi kambi za magogo. Alinisimulia jinsi vichwa vya misumari ukutani mwa bweni vilivyokuwa vyeupe kwa barafu usiku kucha, wanaume wanalala na kofia. Lakini siku ofisa wa serikali akija kukagua, wapishi wenyewe, wenyewe nasema, bila kuamriwa na bosi, wanajaza majiko kuni mpaka mabomba yanakuwa mekundu. Ofisa anaandika: bweni ni zuri. Baba alikuwa akisimulia huku anacheka. Mimi sikuwahi kuona cha kuchekesha.

Krismasi akaja Sirkka, binti yake Lempi, kutoka Calgary. Alimkuta mama yake jikoni amevaa glavu anamenya viazi. Sirkka si mtu wa maneno mengi. Alipiga simu mbili, akakaa mezani.

"Mama, kitanda kimepatikana kwenye nyumba ya wazee. Karibu na kwangu. Watakishikilia mpaka Ijumaa ya mwisho ya Januari."

"Mimi siumwi."

"Sijasema unaumwa. Nasema unaganda. Tanuru likipona kabla ya Ijumaa hiyo, kaa, sitasema tena. Lisipopona, nakuja na ndege na tunaondoka wawili."

Lempi aliangalia sakafu ya jiko lile, ambalo amepanga kwa miaka ishirini na sita na kulipaka rangi kwa mkono wake mara saba. Kisha akaniangalia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona amenielewa.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho tulishuka chini pamoja, yeye na tochi, mimi na vipimajoto viwili vya jikoni, vile vya sindano vya kuchoma kwenye nyama. Nilikwisha kuvijaribu kwenye bakuli moja la maji ya barafu, vyote vikasema sifuri, kwa hiyo havidanganyi. Nikatoboa tundu dogo kwenye bomba la hewa inayoingia kwenye tanuru, na jingine kwenye bomba la hewa inayotoka, mbali kidogo na moto ili mng'ao wa moto wenyewe usidanganye sindano. Chujio la hewa nililifuta kwanza, maana najua wangesema ni vumbi. Tukaliacha tanuru lingurume dakika kumi na tano.

"Soma," nikamwambia.

"Inayoingia, kumi na nne."

"Inayotoka?"

"Ishirini na sita."

"Toa."

"Kumi na mbili. Nilisoma shule, Taisto."

"Sasa mulika hapa." Nikafuta kibao cha chuma mlangoni mwa tanuru kwa kidole. Kiliandikwa wazi: hewa ikipita humu lazima ipande kati ya nyuzi ishirini na mbili na thelathini na tisa. Yetu ilipanda kumi na mbili. Na ukichungulia kwenye kidirisha cha moto, vichomeo ni vitatu. Kimoja kinawaka bluu kama inavyotakiwa, viwili vimezibwa na kutu, vinatoa ulimi wa moto usiozidi mshumaa.

Lempi akasoma kibao mara mbili, midomo ikicheza.

"Kumbe limeandikwa," alisema. "Miaka yote hii limeandikwa hapa chini na mimi napita na kapu la nguo."

Nikampigia Haslam hapo hapo. Fundi wa gesi hagusi tanuru bila amri ya mwenye nyumba, vinginevyo ningemleta mwenyewe kwa mkokoteni.

"Taisto," Haslam alicheka, "umekuwa fundi gesi tangu lini?"

"Tangu wewe uache kuwa mwenye nyumba."

"Inspekta amepita mara mbili kasema safi. Wazee husikia baridi, ndugu yangu. Damu inapungua. Mwambie avae soksi..."

Nilikata simu kabla hajataja idadi.

Ukaguzi wa tatu ulikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Faccin alikuwa ametuonya kwamba huo ndio wa mwisho. Nyumba ikipita mara tatu, faili linafungwa. Nje ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, theluji inalia chini ya buti. Lempi hakuwasha oveni. Hakuwasha sauna. Hakuchemsha hata maji. Alikaa kwenye kiti cha jikoni mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, na sebule ilisoma kumi na tano.

Safari hii kosa lilikuwa langu, na ningelificha kama ningeweza.

Mimi ni mtu wa mikutano. Tangu ujana wangu, nikisikia dhuluma, naita watu. Jumatatu jioni nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba kwa wapangaji wa Haslam: njooni mshuhudie, tusimwache mama peke yake mbele ya serikali. Wakaja! Miaka mingi hawaji, nikiita kwa jambo la mishahara hawaji, nikiita kwa jambo la mabasi hawaji, siku hiyo wakaja watu kumi na saba. Akina Bushie wote watano. Yule mjane wa Kiukraini wa nyumba ya kona na dada zake. Wakajibana sebuleni saa moja kamili, na kwa kuwa walikwishasikia kwamba Lempi kakatazwa kupika, kila mmoja alileta chupa yake ya kahawa. Wakamimina. Wakapumua. Wakaongea. Vicheko, mvuke, makoti ya manyoya yakitoa joto kama wanyama zizini.

Mimi nilikuwa kati yao nahutubia. Nilikuwa nimefika kwenye bweni la baba na vichwa vya misumari wakati Faccin aliponigusa bega.

"Ishirini nukta tatu," alisema.

Sikuamini. Nikatazama kipimajoto chake. Nikatazama watu kumi na saba na vikombe vyao.

"Hao ni watu!" nilipiga kelele. "Umepima watu!"

"Nimepima sebule, mzee."

"Shuka chini! Hewa inaingia kumi na nne, inatoka ishirini na sita, kibao kinataka..."

"Nakuamini," alisema Faccin, na nadhani alikuwa mkweli, jambo lililonikera zaidi. "Nitakuandikia wapi? Nionyeshe kisanduku."

Alinipa fomu. Niliigeuza mbele, nikaigeuza nyuma. Kulikuwa na kisanduku cha jina, cha anwani, cha joto la sebule, cha rangi ya mlango wa mbele. Naam, cha rangi ya mlango.

Faccin alitoa kalamu. Lempi akasimama kutoka kwenye kiti chake cha jikoni, akaja mpaka katikati ya zulia.

"Tokeni," alisema.

Hakuna aliyesogea, walidhani hawakusikia vizuri. Mwanamke huyu miaka ishirini na sita hajawahi kumwacha mtu atoke kwake bila kumwongezea kikombe.

"Tokeni wote nyumbani kwangu. Mlango uacheni wazi mpaka wa mwisho atoke. Na kahawa zenu mchukue."

"Lempi, mpenzi," alianza yule mjane wa Kiukraini.

"Hasa wewe, Olha. Wewe na dada zako mna joto la watu sita."

Wakatoka. Unajua jinsi watu wa huku wanavyotoka: wanatafuta buti, wanasahau glavu, wanaagana mara nne. Mlango ulikaa wazi dakika tisa, baridi ikiingia sakafuni nyeupe kama moshi. Na mimi nilikuwa wa kumi na nane, maana aliniambia nami nitoke.

"Mimi? Lempi, mimi ndiye..."

"Wewe ndiye moto kuliko wote. Toka."

Haya yaliyofuata niliyaona kupitia kioo cha mlango wa jikoni, maneno na namba Lempi alinisimulia baadaye, nikikanyaga theluji pale pale ili vidole visife. Faccin alikuwa amefunga jalada lake. Lempi akamwonyesha kiti.

"Kaa, Bwana Faccin."

"Bibi, nina nyumba nyingine saa tatu."

"Umekula vipande vitatu vya mkate wangu na mwingine mzima ukaenda nao. Kaa."

Akakaa. Kipimajoto chake kwenye meza ya sebuleni kilikuwa kimeshuka mpaka kumi na tatu. Lempi akaenda kwenye swichi ya joto ukutani, akaliamuru tanuru lipande mpaka ishirini na mbili, na chini kule likanguruma. Kisha akarudi akakaa mbele yake. Hakumpa kitu. Meza tupu, hata kitambaa hakuwa ametandika. Niliona mikono yake ikiinuka yenyewe kuelekea birika, mara mbili, na mara mbili akaishika, wa kulia ukiukamata wa kushoto. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu. Nimeona watu wakipigwa na polisi kwenye migomo, na sijaona mtu akiumia vile.

"Tanuru linawaka," alimwambia. "Oveni haiwaki. Hakuna mtu. Tuone linavyopasha."

Baada ya dakika ishirini, kumi na tatu na nusu. Faccin akafunga zipu ya koti. Baada ya arubaini akavaa kofia. Ilipotimia saa nzima kipimajoto kilisema kumi na nne, na pumzi zao zote mbili zilionekana.

"Je, ukimpigia simu mama yako," Lempi alimuuliza, "utamwambia tena nyumba yangu ina joto kuliko yake?"

Faccin alivua glavu moja ili aweze kuandika. Aliandika kumi na nne kwenye kisanduku. Kisha, na hili nampa haki yake, akageuza fomu, akaandika nyuma kwa mkono, pasipo na kisanduku chochote, namba zangu mbili na namba za kibao, akasaini chini. Alipofika mlangoni alinikuta nimeganda kama nguzo.

"Haslam ana siku kumi na nne kutengeneza," alisema.

"Kitanda ni Ijumaa! Siku tatu tu, na ndege inatua!"

"Sheria inasema kumi na nne, mzee. Siku ya kumi na tano ndiyo naweza kumshtaki."

Huyo akaenda zake. Nilipoingia ndani, Lempi alikuwa bado amekaa, mikono imekamatana.

"Ameondoka na njaa," alisema.

"Ameondoka na ukweli!"

"Na njaa, Taisto." Halafu: "Sirkka nimwambie nini? Kumi na nne au Ijumaa?"

Jibu la swali hilo ni wewe uliyepita dirishani.

Vichomeo viwili vyenye kutu ni kazi ya nusu siku. Fundi yupo, kifaa kipo, ofisi ya Haslam iko mtaa wa tatu na mlango wake umepakwa rangi nzuri. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya ainuke kitini kabla ya siku ya kumi na nne. Na Haslam alinunua matanuru yale kwa mkupuo mmoja, kumi na tisa, mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Moja liko chini ya miguu yako. Unalisikia likinguruma unaposoma hapa, na umejiambia kwamba ngurumo ni joto.

Leo ni Jumatano. Weka karatasi hii chini. Chukua vipimajoto viwili, kama huna, njoo uchukue vyangu, mlango wangu hauna kufuli. Zima oveni, fukuza wageni, funga sauna, shuka. Pima hewa inayoingia, pima inayotoka, toa, soma kibao, andika namba zako na jina lako. Kesho Alhamisi saa mbili asubuhi tuko mlangoni kwa Haslam, kila nyumba na karatasi yake, na hatuondoki mpaka fundi aingie kwa Lempi, kwanza kwa Lempi, kabla ndege ya Ijumaa haijatua. Shuka chini sasa hivi.